Nyanya asisafiri ughaibuni na mjukuu bila barua ya wazazi

IFIKAPO mwezi wa Desemba, ada ya Wakenya wengi ni kufunga virago na kuelekea mashambani ili kusherehekea Krismasi pamoja na wazee wao. Lakini kwa familia ambazo watoto wao wamelowea Uingereza, Marekani au Kanada, safari hiyo siku hizi hufanyika kinyume. Nyanya ndiye anayeabiri ndege kwenda kwa bintiye, na mara nyingi huandamana na mjukuu aliyefunga shule.

Safari ya aina hii ni ya heri. Nyanya hupata kumwona mwanawe ambaye huenda hawajaonana kwa miaka mingi, naye mjukuu hupata kuwajua binamu ambao amekuwa akiwaona kwenye simu tu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo familia nyingi hulipuuza, nalo ni kwamba mbele ya sheria nyanya si mzazi. Hata kama ndiye aliyemlea mtoto huyo tangu utotoni, afisa wa uhamiaji hawezi kulitambua hilo kwa kuwatazama nyuso. Yeye hutazama karatasi.

Maafisa hawaulizi maswali kwa inda. Watoto wengi duniani wamewahi kuvushwa mipaka na watu waliodai kuwa jamaa zao, kumbe ni walanguzi. Hapa Kenya, sheria ya kukabiliana na ulanguzi wa binadamu ilipitishwa mwaka wa 2010, nayo Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto. Mtu mzima anayesafiri na mtoto asiye wake lazima basi atarajie kuhojiwa.

Tatizo huzidishwa na majina. Katika jamii ya Wakikuyu, kwa mfano, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Nyumbani, kila mtu anajua kwamba mtoto huyo ni nyanyake aliyezaliwa upya. Lakini katika pasipoti, jina la mwisho la mtoto huwa ni la babake, huku la nyanya likiwa la mumewe au la baba yake mzazi. Afisa katika uwanja wa Heathrow huona watu wawili wenye majina tofauti ya ukoo, basi.

Dawa ni kuunganisha vizazi vitatu kwa vyeti. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto huonyesha jina la mamake, nacho cheti cha mama huonyesha jina la nyanya. Iwapo ni nyanya mzaa baba, cheti kinachohitajika ni cha baba. Mzazi ambaye amepoteza cheti chake anafaa kukitafuta mapema, wala asingoje wiki ya safari.

Pamoja na vyeti hivyo, wazazi waandike barua ya kutoa idhini. Barua itaje jina la mtoto na nambari ya pasipoti yake, jina la nyanya na nambari ya pasipoti yake, nchi wanayokwenda, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, pamoja na anwani ya mwenyeji wao. Wazazi waweke saini na nambari za simu zinazopatikana. Ni vyema barua hiyo iapiwe mbele ya wakili, na nakala za vitambulisho vya wazazi ziambatanishwe.

Ikiwa mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo kibebwe. Ikiwa wote wamefariki na nyanya ndiye mlezi, hati inayomtambua kuwa mlezi kisheria ndiyo itakayochukua mahali pa barua.

Kuhusu viza, Uingereza humpa mgeni wa kawaida ruhusa ya kukaa kwa muda usiozidi miezi 6. Maombi hayawezi kuwasilishwa mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari. Kwa hivyo, anayetaka kuwa London mnamo Desemba 20 anaweza kuanza mnamo Septemba 20, na hana sababu ya kukawia hadi Desemba. Kila mtoto huwa na pasipoti na viza yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba viza ya mtoto anayesafiri na mtu mzima humtaja mtu huyo. Nyanya akiugua katika dakika za mwisho, na mjomba akachukua nafasi yake, mtoto anaweza kurudishwa kutoka mpakani hata kama viza yake haijaisha muda.

Isitoshe, viza hiyo haimruhusu nyanya kufanya kazi, wala haimruhusu mjukuu kusoma katika shule ya umma. Wenyeji wanaopanga kumgeuza mgeni wao kuwa yaya humtia mashakani.

Afya nayo haifai kusahauliwa. Nchini Uingereza, matibabu ya dharura katika kitengo cha majeruhi hayalipiwi. Lakini mgeni akilazwa hospitalini, hutozwa asilimia 150 ya gharama ambayo serikali yenyewe imekadiria kwa tiba hiyo. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari, usiku chache za kulazwa zinaweza kumaliza akiba ya ukoo mzima. Bima ya safari inayotaja maradhi aliyo nayo ni bora kuliko zawadi yoyote ambayo bintiye angemnunulia.

Dawa zake zibebwe katika mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya pakiti zake pamoja na maagizo ya daktari. Katika ndege, safari ikiwa ya takriban saa 9, mzee anafaa kuinuka na kutembea kila baada ya muda, kwani kuketi kwa zaidi ya saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Mizigo pia ina masharti. Nyanya wengi hawawezi kwenda kwa mtoto mikono mitupu, lakini nyama na maziwa kutoka Kenya hayaruhusiwi kuingia Uingereza. Kibuyu cha mursik na nyama iliyokaushwa vitaishia mikononi mwa maafisa wa forodha.

Wakishafika, wageni hawa watakuta Krismasi isiyofanana na ya kijijini. Jijini London mnamo Desemba, jua huchomoza mwendo wa saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Siku ya Krismasi yenyewe, treni hazisafiri, na sheria ya mwaka wa 2004 inayakataza maduka makubwa ya Uingereza na Wales kufunguliwa. Asiyenunua chakula mapema na asiye na gari hubaki nyumbani. Saa tisa alasiri, familia nyingi huketi mbele ya runinga kumsikiliza Mfalme akihutubia taifa, desturi iliyoanzia redioni mwaka wa 1932.

Aidha, Wakenya wengi walioko huko hufanya kazi hospitalini na katika makao ya wazee, ambako hakuna likizo ya Krismasi kwa wote. Huenda binti akawa zamuni siku hiyo hiyo. Ni vizuri aeleze mapema, ili mama asidhani ametelekezwa katika nyumba yenye giza, pamoja na mtoto anayeuliza watu wako wapi.

Hapo ndipo umuhimu wa kusafiri wawili huonekana. Mjukuu humsaidia nyanya kusoma maandishi na kutumia simu; nyanya naye humpa mjukuu mtu wa kumwegemea ugenini.

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Hata baada ya sikukuu kupita, barua ya wazazi isitupwe. Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, wawili hao watapita tena mbele ya maafisa, na swali linaweza kuwa lile lile: mtoto huyu ni wa nani?