Faharasa na Kasi ya Kanzidata

Miongoni mwa malalamiko ya kawaida yanayomfikia msimamizi wa kanzidata ni kwamba ulizo, yaani amri ya kutafuta taarifa, lililokuwa likijibiwa papo hapo sasa linachukua dakika nzima, na mara nyingi kiini chake si uchakavu wa mashine bali ni jedwali lililopanuka bila kuwa na faharasa ifaayo. Pasipo faharasa, programu hulazimika kusoma kila safumlalo, hata zikifika milioni 10, ili kumpata mteja mmoja. Ikiwapo, hushuka ngazi kwa ngazi katika muundo wa mti uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa Boeing, nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 1972, ambamo kila kifundo huweza kubeba mamia ya thamani, hivi kwamba hatua tatu au nne hutosha.

Hata hivyo, faharasa ya namba za simu zilizopangwa kuanzia tarakimu ya kwanza haimsaidii anayetafuta namba zinazoishia na 47. Wala si busara kuiwekea kila safuwima faharasa yake, kosa ambalo wanagenzi hulipenda mno, maana kila rekodi mpya inapoingizwa faharasa hizo nazo hazina budi kuhuishwa, na uingizaji wa data huzorota. Ndiyo maana msimamizi makini huanza kwa kusoma mpango wa utekelezaji, yaani maelezo ya njia ambayo kanzidata yenyewe imekusudia kufuata, yanayopatikana kwa amri ya EXPLAIN katika PostgreSQL na MySQL.