Jinsi ya kufuta vumbi pichani bila kufifisha macho
PICHA ya zamani inapoingizwa kwenye kompyuta kwa skana, chembe za vumbi huonekana kama madoa meupe usoni. Programu kama Photoshop na GIMP zina kichujio cha kuyafuta, lakini kichujio hakitofautishi vumbi na nuru ya mboni. Kikitumiwa kwa picha nzima, macho hufifia na kope hupotea. Na huenda hiyo ndiyo picha pekee ya marehemu iliyosalia.

Ndiposa fundi stadi huzungushia mstari sehemu yenye madoa tu, tuseme shavu au ukuta, akalainisha kingo za mstari huo, kisha akatumia kichujio humo. Chembe zilizo karibu na macho hufutwa mojamoja, kwa kunakili rangi ya ngozi iliyo kando. Kazi yenyewe hufanyiwa nakala, si picha asilia. Kioo cha skana kikipanguswa mapema kwa kitambaa laini, mengi ya madoa hayo hayatokei.