Mwanafunzi akidungwa na sindano wodini, asinyamaze

Wakazi wanaofika katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Busia, Kaunti Ndogo ya Matayos, huenda wakahudumiwa na vijana ambao bado wako masomoni. Hao ni wanafunzi wa afya walio katika mafunzo ya vitendo. Hupima shinikizo la damu, hutoa damu na kusaidia akina mama kujifungua, wakisimamiwa na wahudumu waliohitimu. Usalama wao unawahusu wagonjwa pia, kwani maambukizi yanaweza kupita kwa urahisi kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Kosa la kawaida ni kurudishia kifuniko sindano iliyotumika. Sindano hiyo inafaa kutupwa papo hapo kwenye kisanduku chake. Kosa kubwa zaidi ni mwanafunzi kudungwa kisha kunyamaza kwa kuogopa kukemewa.

Mwanafunzi aliyedungwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue, kisha amweleze msimamizi wake mara moja. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Anayeficha hadi wiki iishe huwa amepoteza nafasi hiyo.

Kati ya watu 1,000 wanaodungwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, takriban 3 huambukizwa wasipotumia dawa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi: kwa wasiochanjwa, idadi inaweza kufika 300. Chanjo yake hutolewa kwa dozi 3 katika muda wa miezi 6, hivyo ni vyema kuianza kabla ya kuingia wodini.

Mpakani kuna sababu nyingine ya kuwa macho. Uganda ilipotangaza mlipuko wa Ebola mnamo Septemba 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafariki. Mmoja wao alikuwa daktari kutoka Tanzania aliyekuwa akisomea upasuaji nchini humo. Kwa hivyo glavu na kunawa mikono kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa si mambo ya kufanywa mkubwa anapotazama tu.

Uchovu nao huzaa makosa. Mwanafunzi wa zamu ya usiku anahitaji kula, kunywa maji na kulala mchana. Alale ndani ya neti yenye dawa, kwa kuwa malaria ni tishio la mwaka mzima hapa Busia. Akiwa na homa au kikohozi kisichoisha, apimwe. Asijinunulie dawa dukani.

Wakazi nao wana nafasi yao. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza anayemhudumia kama ni mwanafunzi, na Sheria ya Afya ya 2017 inataka aelezwe matibabu na kutoa idhini yake. Akiona mikono haijanawiwa, aseme kwa upole. Mzazi mwenye mtoto aliye mafunzoni amwulize mambo mawili: je, amemaliza chanjo, na anajua atamwendea nani akidungwa? Mwenye nyumba anayempangisha mwanafunzi wa zamu za usiku naye apunguze kelele mchana, apate kulala.