Parafujo Iyeyukayo Mwilini: Tiba na Hukumu Yake

Mtoto akivunjika mfupa vibaya, huenda daktari akaufunga kwa bamba na parafujo za chuma mpaka uunge. Wazazi hudhani mtihani umekwisha. Lakini aghalabu, baada ya miezi kadhaa, mtoto hurudishwa kutolewa chuma kile: nusukaputi mara ya pili, jeraha jipya na gharama nyingine.

Ndipo wataalamu wakatafuta kitu kitakachoushika mfupa kisha kiondoke chenyewe. Fikra hii si ngeni. Takriban miaka 1,000 iliyopita, tabibu wetu Abulqasim Zahrawi wa Andalusia alieleza ushonaji wa ndani kwa uzi wa utumbo wa mnyama, ambao mwili huumaliza wenyewe. Mwaka 1907, Mbelgiji Albin Lambotte alitumia bamba la magnesiamu. Likayeyuka upesi mno, gesi ikajaa chini ya ngozi. Subira ikazaa matunda: mwaka 2013 parafujo ya magnesiamu iliyotengenezwa Ujerumani iliidhinishwa Ulaya. Nyingine ni za plastiki ya asidi ya laktiki, ambayo mwili huigeuza maji na hewa ya kaboni kwa muda wa mwaka au zaidi.

Hata hivyo, si kila mvunjiko hufaa. Hufaa zaidi mifupa midogo na viungo vya mkono na mguu; paja linalobeba uzito wa mwili bado lataka chuma. Wagonjwa wengine hupata uvimbe, na bei yake ni kubwa.

Ama hukumu, magnesiamu na plastiki hiyo asili yake ni twahara. Shaka huingia panapotiwa kitu cha mnyama, hasa nguruwe. Imamu Nawawi, katika Minhaj ya madhehebu yetu ya Shafi, amebainisha kwamba aliyeunga mfupa wake kwa najisi kwa kukosa kilicho twahara ana udhuru. Mwenye kukipata kilicho twahara hana udhuru huo. Nacho kilichofunikwa na ngozi hakizuii udhu wala josho.

Basi enyi mama na baba, kabla ya kutia saini muulizeni daktari mambo matatu: kifaa kimetengenezwa kwa nini, kitatolewa au kitayeyuka, na mfupa huu wakihimili? Kuuliza si kumvunjia daktari heshima. Mtoto ni amana.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wallahu aalam.