Jina la i7 Lisitupumbaze

Wajinga ndio waliwao, walinena wahenga. Lakini katika biashara ya vipakatalishi vilivyotumika, aliwaye aghalabu si mjinga. Ni mwalimu aliyesoma akahitimu, mwenye mkopo wa chama cha ushirika mfukoni.

Chukua mfano wa mwalimu wa Kikima, huku juu katika milima ya Mbooni. Kazi zake nyingi sasa zadai tarakilishi: mitihani ya kuchapa, alama za kujumlisha, na tathmini ambayo Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, hutaka ijazwe mtandaoni. Anateremka hadi Machakos au Nairobi, anaingia dukani, na kuwekewa mezani vipakatalishi viwili vilivyotoka katika ofisi za ng'ambo. "Mwalimu, hiki ni i5, na hiki ni i7. Ongeza kidogo tu uchukue chenye nguvu." Naye huongeza. Je, amenunua nini?

Hebu tupime. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, hutambuliwa kwa jina lake kamili. Tutwae mbili za kampuni ya Intel zilizozinduliwa Agosti 2017: i5-8250U na i7-8550U. Kila moja ina viini vinne vya kufanyia hesabu, na kila moja huweza kushika mikondo minane ya kazi kwa wakati mmoja. Zote mbili ziliundwa kwa kipimo cha wati 15. Kasi ya juu kabisa ya i5 hiyo ni gigahezi 3.4, na ya i7 ni 4.0. Kumbukumbu ya ndani ya prosesa ni megabaiti 6 kwa ya kwanza na 8 kwa ya pili.

Kwa hesabu ya karatasini, pengo la kasi ni kama asilimia 18. Katika kazi fupi, kama vile kufungua programu, huenda i7 ikatangulia kidogo. Katika kazi ndefu, kama kuhariri video, joto hupanda, na zote mbili hulazimika kupunguza mwendo; hapo pengo hupungua. Mwalimu achapaye mtihani hatalihisi kamwe.

Huo ni udanganyifu mdogo. Mkubwa ungali mbele. Kuna prosesa nyingine iitwayo i7-7500U, ya mwaka 2016. Nayo ni i7, na kasi yake ya juu ni gigahezi 3.5, kuishinda kidogo ile i5 tuliyoitaja. Walakini ina viini viwili tu! Kazi zikiwa nyingi, i5 ya 2017 huiacha nyuma. Isitoshe, haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, ilhali Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayelipa zaidi kwa ajili ya herufi na tarakimu hiyo moja hununua uzee kwa bei ya ujana.

Dawa yake ni kusoma jina zima. Katika majina haya, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 7 au 8, hutaja kizazi cha prosesa. Kabla ya kulipa, washa mashine, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue sehemu ya utendaji. Jina kamili litajitokeza, pamoja na idadi ya viini na kiasi cha kumbukumbu. Zile pesa za "kuongeza kidogo" zitafaa zaidi zikinunua kumbukumbu ya gigabaiti 8 badala ya 4, na diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka. Tofauti hiyo hata mtoto ataiona.

Shule nazo zisiagize "kompyuta za i7" kana kwamba zinaagiza gunia la mahindi. Ziandike jina kamili katika barua ya zabuni. Na wanafunzi wapewe saa na mashine mbili, wafungue faili ile ile katika kila moja, waandike sekunde, kisha wajadili matokeo. Tunawafundisha kila siku kusoma swali lote kabla ya kujibu. Itakuwa aibu iwapo sisi wenyewe tutaishia herufi ya kwanza.