Fahamu: Kwa nini Barcelona hupanda bustani majira ya vuli

Serikali ya jimbo la Catalonia, nchini Hispania, ilipotangaza hali ya dharura ya ukame mwezi Februari 2024, baada ya akiba ya maji katika mabwawa yake kushuka chini ya asilimia 16, wenye bustani mjini Barcelona na viungani mwake walilazimika kutafakari upya ile desturi ya kunywesha nyasi za uani kana kwamba maji hayana ukomo.

Katika nchi za Bahari ya Mediterania mvua huja wakati wa baridi, na jua kali la kiangazi huandamana na ukavu. Basi mche utiwao ardhini mwezi Oktoba, udongo ungali na vuguvugu na mvua zimekaribia, hupata miezi kadhaa ya kushusha mizizi kabla ya mtihani wake wa kwanza, ilhali ule wa Mei hukutwa na hari ungali dhaifu.

Mzeituni, mkomamanga, rozmari na lavenda ni mimea iliyojaaliwa kustahimili hali hiyo. Lavenda hasa huuawa na huruma ya mwenyewe, kwani maji mengi katika udongo mzito huiozesha mizizi, na majani yakisinyaa mtu hudhani ni kiu, akazidi kuimwagilia. Hasara ya kusikitisha, maana yaepukika. Mche mchanga nao hutaka maji tele mara mojamoja, wakati wa alfajiri, yazame chini kabisa, na udongo ufunikwe kwa matandazo ya maganda ya miti yasiyogusa shina.