Bei ya Keki na Haki ya Mkono Ulioipamba

Zamani shughuli za miji yetu ya pwani zilikamilika kwa halwa na kahawa, mkate wa sinia, visheti na vileja. Vyote hivyo vingalipo, na alhamdulillah havijapoteza utamu wake. Lakini katika miaka ya karibuni keki iliyopambwa nayo imepata nafasi yake: kwenye meza ya bibi harusi, kwenye akika ya mtoto, kwa kijana aliyehitimu madrasa, na hata katika karamu ya Idi. Nyingi kati ya keki hizo hazitoki katika maduka makubwa. Hutoka katika jikoni za nyumba zetu, Mombasa, Malindi na Lamu, ambamo mama au binti huwasha oveni baada ya kuwalisha watoto, akaendelea kupamba maua ya krimu hali majirani wamelala.

Kazi hii ni ya halali na ya heshima, nayo imezisaidia nyumba nyingi kulipa karo na kodi. Hata hivyo liko jambo linalowasumbua waokaji wengi kuliko joto la oveni, nalo ni bei. Wateja wa kwanza wa mwokaji wa nyumbani huwa ni jamaa na majirani zake. Huona haya kuwatajia bei, hivyo hutaja ndogo ili asiitwe mchoyo. Baada ya mwaka mmoja hujikuta amechoka, hana akiba, na moyoni ana kinyongo na watu anaowapenda. Tumeona ni vyema kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwa sababu bei isiyo ya haki haiudhuru mfuko peke yake. Huudhuru na undugu.

Mnunuzi hununua nini?

Aendaye kwa seremala wa Lamu kuagiza mlango wa nakshi halipi bei ya mbao tu. Anajua kuwa kila ua na kila mnyororo uliochongwa umekula siku za fundi. Vivyo hivyo, mwenye kununua kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono hamwambii mshonaji kuwa kitambaa na uzi ni vya bei rahisi. Anafahamu kuwa tundu zile ndogo zimetobolewa na kushonwa moja moja kwa majuma mengi. Ikiwa hivyo ndivyo tunavyowatendea mafundi wa mbao na wa kofia, kwa nini anayepamba keki ahesabiwe unga na mayai peke yake?

Pengine sababu ni kwamba keki huliwa ikaisha, na kwamba kila nyumba ina mtu ajuaye kuoka. Tena, kazi ya jikoni tumezoea kuipata bure kutoka kwa mama zetu, hata tukasahau kuwa ni kazi. Mwokaji mwenyewe pia husahau. Akiulizwa keki imemgharimu kiasi gani, hutaja alichoacha dukani, asitaje saa alizosimama.

Hesabu ya keki moja

Tuchukue mfano wa keki ya vanila ya kilo 2, iliyopambwa kwa maua ya krimu. Bei tutakazotaja ni za kufundishia tu. Kila mmoja aweke mahali pake bei za duka analonunua.

Tuseme pakiti ya unga wa ngano ya kilo 2 ni shilingi 180. Gramu 600 zitakuwa shilingi 54. Sukari nusu kilo, ikiwa kilo ni 160, ni shilingi 80. Siagi nusu kilo ni 250. Mayai 10 kwa shilingi 15 kila moja ni 150. Maziwa, vanila na bekingi poda tuviwekee 66. Jumla ya keki yenyewe ni shilingi 600. Tuongeze krimu, sukari laini na rangi za mapambo, shilingi 500, kisha ubao wa kuwekea keki, boksi na utepe, shilingi 250. Mpaka hapa tumefika 1,350, na hapa ndipo waokaji wengi husimamisha hesabu zao.

Lakini oveni haikuwaka kwa hewa. Mtungi wa gesi wa shilingi 3,200 ukioka keki 40, kila keki imekula shilingi 80. Tuongeze 20 za stima ya mashine ya kupigia keki na ya friji. Mashine hiyo nayo siku moja itakufa. Ikiwa ilinunuliwa kwa 6,000 na ikapiga keki 200, kila keki inadaiwa shilingi 30. Trei, vidomo vya kupambia na visu tuviwekee 20. Sasa tumefika shilingi 1,500.

Zimebaki saa. Kwenda dukani na kurudi, saa 1. Kupima, kukoroga na kuoka, saa 2. Kutengeneza krimu na kupamba, saa 3. Kuosha vyombo, kusafisha jiko na kufunga keki, saa 1. Jumla ni saa 7. Mwokaji akijilipa shilingi 150 kwa saa, ujira wake ni 1,050, na gharama kamili ya keki ni 2,550. Juu yake aweke sehemu ya biashara, tuseme asilimia 20, yaani shilingi 510. Hiyo ndiyo itakayonunua mtungi mwingine wa gesi bei ikipanda, na ndiyo itakayofidia keki iliyoungua au mayai yaliyovunjika njiani. Bei inafika shilingi 3,060. Usafiri wa tuktuk au bodaboda haumo humo; huo utajwe kando.

Sasa tumtazame mwenziwe aliyeiuza keki hiyo hiyo kwa 2,000. Dukani aliacha 1,350, akadhani amepata faida ya 650. Tukitoa gesi, stima na uchakavu wa vyombo, zimebaki 500. Zigawe kwa saa 7: amefanya kazi kwa shilingi 71 na ushei kwa saa, na hakuna hata senti iliyobaki kwa ajili ya sehemu ya biashara. Akiongeza keki, haongezi pato bali uchovu.

Ndiyo maana tunawasihi dada zetu wawe na daftari. Kila keki iandikwe: mahitaji yake, saa zake, na kilichopokewa. Fedha za keki zisichanganywe na za matumizi ya nyumba, hata kama zote zimo katika simu moja. Na kwa kuwa sukari na mayai havikai bei moja mwaka mzima, hesabu irudiwe kila baada ya miezi michache, hasa kabla ya misimu ya harusi na Idi.

Bei na hidaya vitengane

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Shangazi anaozesha. Wifi ana akika. Jirani aliyekulea anataka keki ya mjukuu wake. Utawatajia shilingi 3,060?

Rai yetu ni hii: bei iwe moja kwa watu wote, na hidaya iwe hidaya. Ukitaka kumpunguzia jamaa yako, mtajie kwanza bei kamili, kisha umwambie kwa upendo unachomtunuku. “Shangazi, keki hii ni shilingi 3,000. Wewe nipe 2,000, na hiyo 1,000 ndiyo tunzo yangu kwa bibi harusi.” Kwa maneno hayo machache shangazi amejua thamani ya kazi, amejua kuwa ametunzwa, naye atakuombea dua. Lakini ukiitaja 2,000 kana kwamba ndiyo bei, hatajua kuwa umempa kitu. Atawaambia rafiki zake kumi kuwa keki zako ni za 2,000, nao watakuja kumi kuidai bei hiyo. Wewe utanuna, wao hawatajua kosa lao. Hidaya isiyojulikana na mwenye kupewa hugeuka deni moyoni mwa mwenye kutoa.

Na asiye na uwezo je? Kwake, ipunguze kazi. Keki ya kilo 1 yenye krimu laini na jina la mtoto haina saa 3 za maua. Mwenye kipato kidogo akionyeshwa keki hiyo kwa bei yake ya kweli, ataondoka na furaha pasi na mwokaji kudhulumika. Na anayetaka kutoa sadaka, aitoe kwa nia ya sadaka. Malipo yake yako kwa Mola wake.

Haki ya mnunuzi

Haki haina upande mmoja. Sura ya Al-Mutaffifin, ambayo watoto wetu huihifadhi wakingali wadogo madrasani, inaanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo, na keki nayo ina kipimo. Kwetu huagizwa kwa kilo, lakini kilo ya nini? Wako wanaopima keki pamoja na mapambo, na wako wanaohesabu keki peke yake. Mwokaji aseme mapema anapima vipi, kisha aweke keki juu ya mizani kweli. Akisema siagi, asitie mafuta ya bei rahisi. Akionyesha picha ya keki aliyoipamba mwengine, aseme kuwa si yake.

Lipo pia suala la uhalali wa mahitaji. Fondanti na peremende laini za mapambo aghalabu hutiwa jelatini, ambayo huenda ikatokana na nguruwe au mnyama asiyechinjwa kisheria. Vanila ya asili nayo huchujwa kwa pombe. Mwokaji asome maandishi ya pakiti na atafute bidhaa zenye alama ya halali. Ikiwa hizo ni ghali zaidi, na ziingie katika bei. Mnunuzi Mwislamu hatachukia kulipia utulivu wa moyo.

Wanunuzi nao wana wajibu. Imepokewa kuwa bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye akajizuia kwa kuchelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Basi kumbana mwokaji kwa maneno ya “mbona fulani auza rahisi” au “si ni unga tu” ni kumtaka atoe mali yake pasi na ridhaa, ilhali dini imeijenga biashara juu ya kuridhiana. Asiyeridhika na bei ana uhuru wa kwenda kwengine kwa salama. Na waokaji wenyewe wasichomoleane wateja. Bei ikishakubaliwa kwa jirani, kumfuata mnunuzi na kumwambia “njoo kwangu nikupunguzie” ni kuuza juu ya mauzo ya nduguyo, jambo lililokatazwa.

Arbuni na maagano

Ugomvi mwingi huzuka kwa sababu maagano yalikuwa ya mdomo, tena nusu nusu. Kabla ya kuvunja yai la kwanza, pande mbili zikubaliane: uzito, ladha, mapambo, siku na saa ya kuchukuliwa, nani atalipa usafiri, na bei. Yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Keki ya harusi iliyofika baada ya bibi harusi kutoka ukumbini haifai kitu, hata iwe nzuri namna gani.

Arbuni nayo ina hukumu zake. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali wamemruhusu muuzaji kuizuia arbuni mnunuzi akighairi. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine, wakiwemo wa Shafi inayofuatwa na watu wengi wa pwani yetu, hawakuliafiki hilo, kwa kuona ni kula mali pasi na badali. Kwa hivyo twaona iliyo salama ni kupokea mapema fedha za kutosha kununulia mahitaji, na kuafikiana kuwa mwenye kughairi baada ya mahitaji kununuliwa atabeba gharama hiyo, na kilichobaki atarudishiwa. Mwenye shaka amuulize shekhe anayemwamini.

Wasomaji wetu, bei ya haki ni ile ambayo muuzaji aweza kuieleza bila haya, na mnunuzi akailipa bila kinyongo. Dada zetu wanaooka wasione aibu kuitaja. Nasi tunaoagiza, tukipokea boksi lile mlangoni, tukumbuke saa zilizomo ndani yake. Mwenyezi Mungu azitie baraka chumo za nyumba zetu na auhifadhi udugu wetu. Amin.